Tanga la Merikani Kwenye Mbuga ya Bahi

Rehani bin Mrisho aliona vibuyu kwanza. Vilikuwa vimelala majanini kando ya njia ya ng'ombe, vizibo vimeng'olewa, na sisimizi wakizunguka midomoni mwake wakitafuta unyevu. Mbele kidogo ndipo akaiona motokaa, imepindukia kwenye korongo, magurudumu juu.

Aliiacha baiskeli ianguke yenyewe akakimbia. Baadaye, kila alipoulizwa, alikiri bila haya kwamba moyo ulimshtuka kwa vile vibuyu kuliko kwa ile motokaa. Motokaa haikuwa yake. Maji yalikuwa yake.

Chini ya ubavu wa gari alikuwa amelala mwenyewe, Bwana Manoli, uso umejaa vumbi na masharubu yamelowa damu ya pua. Mguu mmoja ulikuwa umebanwa. Rafiki yake Rehani, mwalimu Yotham, alifika akiisukuma baiskeli yake iliyotobolewa gurudumu na mwiba, na bila kuulizana wakaanza kuchimba mchanga chini ya ule mguu, Rehani kwa mikono, Yotham kwa kipande cha bati lililong'oka kwenye gari. Mguu ulipotoka walijua palepale kwamba umevunjika. Chini ya goti mfupa ulikuwa umekwenda upande, na jeraha refu lilikuwa limefunguka kwenye muundi. Yotham alichana pindo la kanzu yake akafunga damu, kisha wakaukatia mguu vijiti na kuukaza kwa kamba, huku Manoli ameuma mkono wa koti lake asipige kelele.

"Maji," alisema walipomaliza.

"Hayo hata sisi tunayataka, bwana," Rehani alimjibu. "Maji yetu yako wapi?"

Manoli akaionyesha motokaa kwa kidole, akafumba macho.

Ilikuwa safari ya starehe, na hilo ndilo lililomkera Rehani kuliko yote. Mtu akifa kwa kazi, watu wanamwelewa. Yeye alikuwa fundi cherehani wa mjini Dodoma, mtu wa ukoo wa wapagazi wa misafara ya zamani, mwenye maneno mengi na mikono mizuri. Yotham alikuwa Mgogo wa Mvumi, mwalimu wa misheni, mpole ila akishikilia jambo hakuna wa kumbandua. Kilichowakutanisha ni baiskeli. Miaka ile ya Wadachi, yaani Wajerumani, reli ikiwa mpya bado, baiskeli Dodoma zilikuwa za kuhesabika, na hao wawili kila walipopata nafasi walikuwa wakitoka mjini kwenda porini na kurudi, basi. Watu waliwacheka. Mtu mzima anatoka jasho kwenda mahali asipokuwa na shughuli, kisha anageuza.

Bwana Manoli naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa huohuo. Alikuwa Mgiriki, kontrakta aliyekuja kujenga reli akabaki, mtu wa kisiwani aliyekwama nchi isiyo na bahari. Alikuwa na motokaa moja kuukuu aliyoipenda kupita kiasi. Aliposikia kwamba mbuga ya Bahi ilikuwa bado na maji mengi ya masika, akaagiza mashua ndogo, akaitanguliza kwa gari moshi mpaka stesheni ya Bahi, na akamwomba Rehani ashone tanga. Rehani hakuwa amewahi kuona mashua. Alishona kwa kuelekezwa, kitambaa cha merikani kilichokunjwa mara mbili, na kabla hajamaliza pindo mji mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba yeye ni fundi wa matanga.

Basi Manoli akawaalika wote wawili wakatweke tanga hilo pamoja. Njiani, akasema, tushindane: motokaa kwa baiskeli, si kwa kufuata reli, bali kwa kukata uwanda wa kaskazini ambako hakuna mabehewa ya kutucheka. Atakayefika nyuma ndiye atakayekumba maji yanayoingia mashuani. Walikubali kwa kelele. Na wakafanya kosa ambalo linaweza kufanywa na watu wa mashindano tu: ili baiskeli ziwe nyepesi, wakaviweka vibuyu vyao vya maji ndani ya motokaa.

Asubuhi ile ilikuwa tamu, tusidanganyane. Penye udongo mgumu motokaa iliwapita na honi yake, Manoli akipunga kofia. Penye mchanga ilizama na kuguruma, nao wakaipita wakikanyaga kwa nguvu, Rehani akimpigia mluzi. Lakini jua lilipopanda, injini ilianza kuchemka. Rejeta ilitoa mvuke, Manoli akaimiminia maji ya debe. Ikachemka tena. Debe lilipokwisha akachukua vibuyu, akijiambia kwamba Bahi iko karibu na wenzake wako nyuma. Kisha, kwa kuona amepoteza muda, akaikanyagia mafuta motokaa kwenye njia ya ng'ombe, na korongo lilikuwa limefichwa na nyasi.

Jua la mchana liliwakalisha kwenye kivuli chembamba cha mgunga. Kusini, mahali fulani, ilikuwepo reli, lakini kati yao na reli kulikuwa na vilima na vichaka vya miiba ambavyo mtu mzima hupenya kwa shida, sembuse wa kubebwa. Magharibi ndiko ilikokuwa mbuga yenyewe, imetandaa nyeupe mpaka macho yanachoka, maji ya masika yameshakauka upande huo. Ng'ambo ya mbuga, Yotham alisema, wafugaji huchimba visima kwenye mchanga wa mto kiangazi. Alikuwa amesikia hivyo kwa mjomba wake. Mwenyewe hakuwahi kufika.

Manoli alisikia mazungumzo yao akafumbua macho. Aliwaambia wao wana magurudumu, waende, wakifika watume watu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Rehani akainuka, akamvuta Yotham pembeni.

"Tukienda fisi watamla," alisema. "Tukikaa, kiu itamla. Na akifa hapa, mwalimu, sisi tumekufa naye. Mzungu amekufa porini, weusi wawili wamerudi na baiskeli zao. Nani bomani atakaa kutusikiliza? Watatuuliza kwa kiboko kwanza, halafu kamba."

Yotham alifikiri. Alijua ni kweli.

"Basi asife," alisema.

Ndiyo yaliyokuwa mashauri yao yote. Rehani alirudi kwenye motokaa amejaa hasira, akaipiga teke, na ndani ya chuma akasikia kitu kikitikisika. Akapiga tena. Rejeta, lile tumbo la chuma la kupozea injini, halikuwa limemwagika lote. Alilegeza bomba la juu, ambalo sasa ndilo lililokuwa chini, akakinga kibuyu, na motokaa ikatapika ilichokunywa: maji mekundu ya kutu, yananuka mafuta, yasiyofika nusu ya kibuyu. Wakayachuja kwa pindo la tanga lililokuwa garini. Manoli alipewa mafunda mawili makubwa, wao funda moja moja, na Rehani alilishika lake kinywani muda mrefu kabla ya kulimeza, kwa sababu lilikuwa baya na kwa sababu hakutaka liishe.

Waliwasha moto jua lilipozama, wakaulisha kuni mpaka alfajiri. Fisi walikuja, walisema yao, wakaondoka. Baridi ya kipupwe iliwatetemesha wote watatu chini ya tanga moja.

Asubuhi upepo uliamka nao. Kule uwandani miezi hiyo upepo huvuma kutoka mashariki tangu jua linapochomoza mpaka jioni, na watu wa Dodoma huishia kuutukana kwa vumbi lake. Ulilikamata tanga walilojifunika, ukalituna, ukamfunua Yotham, ukataka kwenda nalo. Rehani alilirukia akaangukia tumbo. Manoli, macho mekundu kwa homa, alikuwa akilitazama lile tanga kwa namna ya ajabu.

"Upepo wa nyuma," alisema. "Fundi. Upepo unakwenda Bahi."

Rehani alidhani ni homa inayosema. Kisha akaitazama mbuga, nyeupe, tambarare, kingo zake zimekaushwa na magadi zikawa ngumu kuliko sakafu ya boma. Akazitazama baiskeli. Akatazama ile mianzi miwili mirefu ya mlingoti na foromali, mti wa kutungikia tanga, iliyokuwa imefungwa ubavuni mwa motokaa na bado mizima. Alikaa chini akacheka mpaka midomo yake iliyokauka ikapasuka.

Walifanya kazi kabla jua halijawa kali. Gurudumu lililotobolewa walilisindika nyasi kavu badala ya upepo. Baiskeli mbili wakazisimamisha sambamba, wakazifunga vijiti vya mgunga mbele na nyuma mpaka zikawa kitu kimoja chenye magurudumu manne. Kati yake wakatungika turubai la motokaa, na ndani yake wakamlaza Manoli, wakamfunga kwa kamba kifuani, kiunoni na mikononi juu ya viwiko asirushwe na matuta. Mlingoti wakausimika mbele, tanga wakalifunga kwenye foromali, na ile kamba ya kulivuta na kulilegeza wakampa Manoli mwenyewe aishike, maana ndiye peke yake aliyejua cha kuifanyia.

Mwanzo chombo hakikwenda. Walisukuma, wakatukana, Yotham akaomba, Rehani akaomba kwa njia yake. Kisha wakavuka ukingo wa nyasi wakakanyaga ule weupe, upepo ukalijaza tanga, na kamba zote zikalia kwa pamoja. Magurudumu yakaanza kuzunguka. Wakakimbia pembeni, wakarukia viti, na kwa mara ya kwanza tangu Mungu aiumbe Ugogo, watu watatu waliivuka mbuga ya Bahi kwa tanga.

Kilikwenda kasi kuliko walivyotaka. Vumbi la magadi liliingia machoni likawachoma. Yotham alishika usukani wa kushoto, Rehani wa kulia, na kila mmoja alitaka kwenda kwake mpaka Manoli akawafokea kutoka chini kwamba chombo kina nahodha mmoja. Alisema kulia, wakapinda kulia. Alisema kushoto, wakapinda kushoto. Maumivu yalikuwa yakimrusha kila tuta, na bado usoni mwake, chini ya vumbi, Rehani aliona mtu mwenye furaha. Ilimuudhi. Kisha akagundua kwamba na yeye anatabasamu, na mbuni waliokuwa wakikimbia mbele yao walizidi kumpa raha.

Lakini jua lilipokuwa utosini furaha ilikwisha. Maji ya kutu yalikuwa yamekwisha zamani. Ulimi wa Rehani ulijaa kinywani ukawa kitu cha mtu mwingine. Walipoona mng'ao wa maji mbele, maji ya kweli, dimbwi pana lenye ndege warefu wa aina ya korongo wakitembea ndani yake, hakuna aliyeamua lolote, walielekea tu. Yotham alisema ngoja, onja kwanza. Rehani hakungoja. Alipiga magoti akanywa, na maji yalikuwa chumvi tupu, chumvi chungu ya magadi. Aliyatapika yote na mengine aliyokuwa nayo kabla, akabaki amelala ukingoni analia bila machozi.

Hapo ndipo upepo ulipowageuka. Dharuba moja ilikishika chombo kilichoachwa bila watu, ikakilaza upande, foromali ikachoma tanga, na merikani ikapasuka kutoka juu mpaka katikati. Manoli alibaki ananing'inia kwenye kamba zake, kichwa karibu na ardhi, hana sauti tena. Walikisimamisha chombo. Yotham alimpanguza uso, akaweka sikio kifuani pake.

"Yu hai," alisema. "Si kwa muda mrefu."

Ng'ambo ilikuwa inaonekana sasa, mstari wa miti ya kijani, lakini bado mbali mno kwa miguu yao. Bila tanga wasingefika. Rehani alivua kofia yake. Ndani ya ukingo wa kofia, kama mafundi wote wa cherehani, alikuwa amechomeka sindano. Alichomoa uzi kwenye pindo la tanga akataka kuutunga, na uzi ukakataa, ncha zake zimetawanyika. Uzi hulainishwa kwa mate. Alijaribu kutema, hakuna. Akampa Yotham, Yotham akalamba, ulimi mkavu haukuacha kitu. Walitazamana kama wajinga, watu wazima wawili waliokosa tone la mate baina yao. Mwishowe Rehani alijichoma kidole gumba, akaikamua damu, akaiviringishia ncha ya uzi mpaka ikawa nyembamba, na uzi ukapita.

Alishona amepiga magoti, jua mgongoni, mishono mirefu ya aibu ambayo mjini angemfukuza nayo mwanafunzi. Mara mbili alisahau anashona nini, na Yotham akamkumbusha. Alipokata uzi kwa meno hakuamini kwamba amemaliza. Walilitweka tanga. Likatuna, mshono ukalia, ukashika. Yotham aliishika kamba sasa, akivuta na kulegeza kwa kukumbuka alivyofanya Manoli, mpaka ardhi ilipobadilika rangi chini ya magurudumu.

Mto ulikuwa mchanga mtupu, mpana, na katikati ya mchanga kulikuwa na boma dogo la matawi ya miiba. Rehani alijua ni nini. Wazee wake walilishwa hofu ya visima vya Ugogo: hapa ndipo misafara ilipolipa hongo, ushuru wa kupita na kunywa, hapa ndipo watu waliochomoa miiba usiku walipochomwa mikuki. Alijua yote hayo, na miguu yake ikakimbia hivyohivyo. Alikuwa ameshavuta tawi la kwanza, miiba imemwingia viganjani, pale vijana wenye mikuki walipotokea kwenye miti na nyuma yao ng'ombe.

"Achia, fundi," Yotham alisema. "Achia ukae chini."

Yeye mwenyewe alikuwa ameshakaa, mchangani, mikono wazi juu ya magoti. Kwa Wagogo, alimwambia kwa haraka, kisima kina mwenyewe, na maji hayaombwi na mtu aliyesimama. Rehani alimtazama Manoli, ambaye kichwa chake kilikuwa kimelegea pembeni, akataka kupiga kelele. Akakaa.

Vijana walisimama mbali kidogo. Mwenye kisima akapita katikati yao, mama wa makamo aliyevaa ngozi na shanga, amebeba kata ya kutekea. Wenyewe walimwita Mama Matonya. Yotham alimsalimu, "Mbukwa," naye akaitikia, na salamu zikaanza. Huko salamu si neno, ni safari nyingine. Aliulizwa anatoka wapi, akasema Mvumi. Kwa nani? Akataja. Huko mvua ilinyeshaje? Mtama ulitoka? Ng'ombe wazima? Mama mzazi yu hai? Yotham, sauti imekwaruza kiasi cha kutisha, alijibu moja baada ya moja, na naye akauliza yake, ya ng'ombe wa pale na watoto wa pale, hakuruka hata moja. Rehani alikuwa akisikia maji chini ya mchanga, au alidhani anasikia. Hajawahi kuchukia adabu kama siku ile.

Kisha yule mama akamgeukia yeye, akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, huyu naye ni mtoto wa nani.

Rehani angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amechoka mno.

"Shikamoo, mama. Mimi mjukuu wa wapagazi," alisema. "Babu yangu alipita hapa na mizigo ya Waarabu."

"Marahaba. Alilipa maji yetu?"

"Alilipa. Akalalamika mpaka siku anakufa."

Mama Matonya alicheka, akawatafsiria vijana, nao wakacheka, mikuki ikashuka. Alisema basi yule alikuwa mtu wa kweli, maana wote walilalamika. Akasema pia kwamba walipoona lile jambo jeupe linakuja mbugani walidhani gari moshi limepotea reli. Huku akisema hivyo alikuwa ameshaondoa miiba na kushuka kisimani, kijana mmoja akipokea kata juu yake.

Maji yalikuwa ya baridi, yana mchanga kidogo. Hawakupewa mengi. Mama alitangulia kwa yule aliyefungwa, akimdondoshea maziwa yaliyochanganywa na maji kwenye kona ya mdomo, tone kwa tone, akifuta, akidondosha. Mara ya kwanza yalimwagika tu. Mara ya pili pia. Rehani alisahau kata aliyoishika mkononi. Mara ya tatu koo la Manoli likapanda na kushuka, likapanda tena, na Yotham akasema "Amemeza," kwa sauti ya mtu anayesoma habari njema kanisani. Ndipo Rehani akanywa. Utamu wake hauna maelezo na hakuwahi kujaribu kuueleza.

Vijana wa Mama Matonya waliwasindikiza mpaka stesheni ya Bahi asubuhi iliyofuata. Chombo kilisukumwa kama kilivyokuwa, mgonjwa ndani ya turubai lake, kamba zikiwa mahali pake kwa sababu bado mguu haukutakiwa kutikisika. Rehani alitembea pembeni akiwa amejaa maji na uji wa mtama, akipiga porojo na vijana wasioelewa nusu ya maneno yake. Kwa mara ya kwanza alisahau kuogopa.

Askari wa stesheni hawakusahau kazi yao. Waliona Mzungu amefungwa mikono kwa kamba, uso umeungua, damu imekauka kwenye koti, na kando ya baiskeli mbili watu weusi wawili waliochanika nguo. Wale vijana walipigiwa kelele warudi nyuma. Rehani na Yotham wakasukumwa ukutani, wakaambiwa wapige magoti, na kamba nyingine ikaletwa. Mdachi mwenye amri pale alitoka ofisini akifunga vifungo vya koti. Aliuliza swali moja tu, nani amemfunga huyu bwana.

"Sisi," Yotham alisema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Askari alimpiga kofi. Rehani alifungua mdomo wake, ule mdomo ambao haujawahi kukosa neno tangu azaliwe, na hakikutoka kitu. Aliiona njia yote ya mbele: behewa, boma, kiboko, uwanja wa kunyongea. Alimwona Sikudhani mkewe akiambiwa na jirani. Aliutazama ukuta kwa karibu, chokaa yake ilivyobanduka.

Nyuma yao walikuwa wakimfungua Manoli. Yule Mdachi alikuwa akimsemesha kwa lugha yake ya Kidachi, polepole, akimpigapiga shavu. Akamsemesha tena. Kisha sauti ikatoka, kavu, mbaya, na haikujibu kwa Kidachi. Ilijibu kwa Kiswahili, ili askari wote wasikie.

"Mimi nilimaliza maji yao," Manoli alisema. "Walikuwa na baiskeli. Wangekwenda. Niliwaambia waende." Alipumzika. "Hawakwenda. Wainueni."

Mdachi akawatamkia askari neno moja, na mkono ukamshika Rehani kwapani ukamwinua. Aliteleza ukutani mpaka chini akalia hapo, kwa sauti, mbele ya askari na wapagazi na vijana wa Mama Matonya, bila kujificha uso. Machozi yalikuwepo safari hii, mengi, nayo yalimfurahisha. Yotham, shavu limevimba, alikaa kando yake akamshika shingo, akawa anacheka.

Gari moshi la Dodoma lilipofika, Manoli alilazwa kwenye machela ndani ya behewa la mizigo, mguu umefungwa upya. Alikataa kupelekwa behewa la Wazungu. Alisema atakwenda na mabaharia wake, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana na mtu mwenye homa. Wakakaa sakafuni pembeni yake, migongo kwenye magunia ya chumvi. Baada ya stesheni kuachwa nyuma mkono wake ukatafuta kitu gizani mwa behewa, ukaishika kanzu ya Yotham upande mmoja na mkono wa Rehani upande wa pili, na hivyo ndivyo alivyolala usingizi.

Rehani alisikiliza pumzi zake kwa muda mrefu. Zilikuwa zikienda sawa.

"Mwalimu," alisema.

"Nini?"

"Tunarudi wote watatu."

Yotham aliinama, akamtazama yule aliyelala, akamfunika kifua vizuri.

"Wote watatu," alisema.